Jibu Moja kwa Biti 32 na Biti 64: Mwongozo Kamili wa Kusawazisha Makosa kwenye Miito ya Utangamano ya Kerneli

Chukua programu moja uikompaili mara mbili: mara ya kwanza kwa biti 64, mara ya pili kwa biti 32. Ziendeshe zote kwenye mashine ileile, na zote ziiombe kerneli (kiini cha mfumo endeshi) jambo lilelile lisilowezekana. Zinapaswa kukataliwa kwa namba moja ya kosa. Namba zikitofautiana, taabu yake ni ya chini kwa chini. Aliyeandika kiendeshi (msimbo wa kerneli unaoongoza kifaa) alikijaribu kwa biti 64, kikapita, akaendelea na mambo yake. Anayeumia ni mwenye programu ya zamani, na mara nyingi hajui hata kwamba ndani ya kerneli kuna mlango wa pili uliowekwa kwa ajili yake.

Mlango huo ndio miito ya utangamano. Kerneli ya Linux ya biti 64 iliyojengwa na CONFIG_COMPAT, ambayo kwenye x86 huwashwa na CONFIG_IA32_EMULATION, huipokea programu ya biti 32 kupitia jedwali lake la miito, ikageuza hoja zake, kisha ikaifanyia kazi. Usidhani ni mlango unaokaribia kufungwa. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli ya i386 (x86 ya biti 32) wala kisakinishi chake. Vifurushi vya i386 vimebakizwa ili programu za zamani ziendeshwe juu ya mashine ya amd64 (x86 ya biti 64). Kwa hiyo kwa watu wengi biti 32 sasa inaishi humu tu.

Hapa Mombasa hali hii tunaijua. Programu ya mauzo au ya kupima mizigo iliandikwa zamani, aliyeiandika amehama, msimbo wake haupatikani, na bado duka la Biashara Street au ofisi ya wakala wa forodha karibu na Kilindini inaitegemea kila asubuhi. Kompyuta mpya inaletwa, programu inahamishwa kama ilivyo. Kuanzia siku hiyo usalama wa kazi ya mtu huyo uko mikononi mwa msimbo ambao wengi wetu hatuufungui. Nimeandika mwongozo huu kwa kijana anayejua C, amewahi kujenga kerneli, na anataka kuusafisha msimbo huo vizuri.

Shabaha ni moja, na hatua zote zinaielekea: msimbo wa utangamano uwe kama mkalimani mahakamani. Anatafsiri yanayosemwa na kurudisha majibu kwa lugha ya aliyeuliza, lakini hukumu haimhusu. Kila mahali ambapo msimbo wa utangamano unajiamulia wenyewe kosa gani lirudishwe, kuna siku utapishana na msimbo wa asili.

Hatua ya 1: Andaa uwanja

Unahitaji kerneli unayoweza kuivunja bila hasara. Tumia QEMU, programu inayoiga mashine nzima. Chukua msimbo kwa `git clone --depth 1` ili usimalize bando lako kwa historia ya miaka yote, kisha `make localmodconfig` ipunguze moduli zisizokuhusu. Kujenga kerneli hupasha kompyuta moto. Kwa joto letu la Februari na Machi, laptopu ikipunguza kasi yenyewe si ajabu, kwa hiyo jenga usiku au punguza namba kwenye `make -j`.

Hakikisha haya yamewashwa: CONFIG_IA32_EMULATION, CONFIG_FAULT_INJECTION na CONFIG_FAULT_INJECTION_USERCOPY. Kuanzia Linux 6.7 mlango wa biti 32 unaweza pia kufungwa au kufunguliwa wakati wa kuwasha mashine kwa kigezo `ia32_emulation=`, basi programu yako ya biti 32 ikikataa kuanza kabisa, angalia hapo kwanza. Kwa kompaila ya biti 32 kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha `gcc-multilib`. Ongeza `strace` (hufuatilia miito), `sparse` (hukagua msimbo) na `pahole` (huonyesha mpangilio wa strakti).

Hatua ya 2: Pima strakti zako pande zote mbili

Tutatumia kiendeshi cha kubuni cha mizani ya dukani, kama ile ya muuza viungo pale Marikiti. Programu inakiomba kipimo kupitia ioctl (mwito wa kukipa kifaa amri), kwa strakti hii:

```c
struct mizani_ombi {
        __u32        kipimo; /* gramu, kibaba, pishi */
        __u64        wakati;
        char __user *bafa;
        size_t       urefu;
};
#define MIZANI_SOMA _IOWR('M', 1, struct mizani_ombi)
```

Kwenye x86 ya biti 64, strakti hii ni baiti 32: nne za kipimo, nne tupu za kujaza pengo, nane za wakati, nane za pointa, nane za urefu. Kwenye i386 ni baiti 20, kwa sababu pointa na size_t ni baiti nne kila kimoja, na thamani ya biti 64 hupangwa kwenye mpaka wa baiti nne, hivyo pengo halipo. Usiamini macho yako kwa hili. Endesha `pahole -C mizani_ombi` juu ya faili mbili zilizokompailiwa, ya biti 64 na ya biti 32.

Ukubwa huo unaingia ndani ya namba ya amri yenyewe. Makro ya _IOWR huweka ukubwa wa strakti kwenye biti 14 za namba ya ioctl. Hapa amri ya biti 64 ni 0xC0204D01, na ileile ikikompailiwa kwa biti 32 inakuwa 0xC0144D01. Kiendeshi kinachojua namba ya kwanza tu kitaiambia programu ya biti 32 kwamba hakijawahi kusikia amri hiyo. Programu inapata ENOTTY, mwenye duka anaambiwa mizani yake haifai, na mizani ni nzima.

Ikiwa kiendeshi bado hakijaanza kutumika, una bahati. Panga strakti isiyohitaji tafsiri: tumia __u64 hata kwa pointa, weka baiti za kujaza pengo kwa mkono, na ndani ya kerneli igeuze kwa u64_to_user_ptr. Strakti itakuwa na ukubwa mmoja kila mahali, na kazi yako itabaki mstari mmoja: `.compat_ioctl = compat_ptr_ioctl`, fankisheni iliyoingia kwenye Linux 5.5 mwanzoni mwa 2020. Mimi hushauri hivi kila mara, kwa sababu msimbo ambao haupo hauwezi kupishana na mwingine. Hatua zinazofuata ni za mwenye strakti ambayo tayari iko mikononi mwa watu na haiwezi kubadilishwa.

Hatua ya 3: Zijue namba, na kila moja ina kazi gani

Usipite haraka hapa. Makosa mengi ya utangamano yanatokana na mtu kuchagua namba iliyokaribia maana badala ya namba yenye maana hiyo hasa.

EFAULT, namba 14, ni ya anwani mbaya, yaani kerneli imeshindwa kusoma au kuandika kumbukumbu ya mtumiaji. Kosa ninaloliona sana ni hili: `copy_from_user` hairudishi namba ya kosa, hurudisha idadi ya baiti ambazo hazikunakiliwa. Anayeandika `return copy_from_user(...)` anarudisha, tuseme, 20. Programu inaona namba chanya, inadhani mambo yamekwenda sawa, na inaendelea na takataka. `get_user` na `put_user` ni tofauti, zenyewe hurudisha sifuri au -EFAULT. Kwa hiyo msimbo wa asili unaotumia `get_user` na wa utangamano unaotumia `copy_from_user` unaweza kuonekana sawa kabisa kwa macho, na majibu yakapishana.

EINVAL, namba 22, ni ya hoja iliyosomeka vizuri lakini thamani yake haikubaliki. ENOTTY, namba 25, ni ya amri ya ioctl ambayo kifaa hiki hakiijui. Hizi mbili zilichanganywa kwa miaka. Kerneli ina namba yake ya ndani, ENOIOCTLCMD, 515, ambayo kiendeshi hurudisha kusema amri hii siyo yangu. Zamani namba hiyo ikifika kwenye mpaka wa mtumiaji iligeuzwa kuwa EINVAL. Mnamo Januari 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliibadilisha iwe ENOTTY, na alilazimika kuacha sehemu ya diski ikiendelea kukagua EINVAL kwa sababu msimbo wake ulikwisha kuzoea jibu lisilo sahihi. Ndivyo kosa la namba linavyoota mizizi: wengine wanajenga juu yake, na kuling'oa kunakuwa kazi ya tahadhari.

ENOSYS, namba 38, ina maana moja tu: mwito wa mfumo wenye namba hiyo haupo. Usiirudishe kwa flagi usiyoijua wala kwa kifaa kisicho na uwezo fulani. Skripti ya checkpatch.pl, ambayo hukagua viraka vya kerneli, itakuonya juu ya hili, na ina haki. Maktaba za C huitumia ENOSYS kuamua kama zirudi kwenye njia ya zamani. glibc 2.34 (maktaba ya C ya GNU), iliyotoka Agosti 2021, ilianza kujaribu clone3, mwito mpya wa kuanzisha nyuzi, kwanza. Pale ambapo vichujio vya zamani vya kontena vilijibu EPERM badala ya ENOSYS, maktaba haikujua kwamba inapaswa kurudi nyuma, na programu zikashindwa kuanzisha nyuzi. Namba moja tu ndiyo iliyoleta yote hayo.

Kwa uwezo usiokuwepo, tumia EOPNOTSUPP, namba 95. Iko nyingine inayofanana nayo kwa jina, ENOTSUPP yenye namba 524, ambayo ni ya ndani ya kerneli. Ikivuja, `perror` haiwezi kuitaja, inachapisha tu kwamba kosa 524 halijulikani. Kundi la ERESTARTSYS na jamaa zake, kuanzia 512, nalo ni la ndani. Kerneli yenyewe hulishughulikia wakati ishara inapokatiza mwito. Msimbo wako wa utangamano uzipitishe namba hizo kama zilivyo. Nimeona watu wakizigeuza kuwa EINTR kwa nia njema, na matokeo yake ni kwamba programu ya biti 64 mwito wake unarudiwa wenyewe baada ya ishara, na ya biti 32 inakatizwa.

Hatua ya 4: Weka uamuzi wote mahali pamoja

Sasa tenganisha kazi mbili zilizozoea kuchanganywa, yaani kunakili data na kuamua. Fankisheni ya kati isijue chochote kuhusu biti 32:

```c
static long mizani_soma(struct mizani *m, struct mizani_ombi *o)
{
        long jibu;

        if (o->kipimo > KIPIMO_MWISHO)
                return -EINVAL;
        if (o->urefu > MIZANI_UREFU_MAX)
                return -EINVAL;
        if (mutex_lock_interruptible(&m->kufuli))
                return -ERESTARTSYS;
        jibu = mizani_jaza(m, o);
        mutex_unlock(&m->kufuli);
        return jibu;
}
```

Kisha mkalimani mwenyewe:

```c
struct mizani_ombi32 {
        __u32          kipimo;
        compat_u64     wakati;
        compat_uptr_t  bafa;
        compat_size_t  urefu;
};
#define MIZANI_SOMA32 _IOWR('M', 1, struct mizani_ombi32)

static long mizani_soma32(struct mizani *m,
                          struct mizani_ombi32 __user *u)
{
        struct mizani_ombi32 o32;
        struct mizani_ombi o = {};
        long jibu;

        if (copy_from_user(&o32, u, sizeof(o32)))
                return -EFAULT;
        o.kipimo = o32.kipimo;
        o.wakati = o32.wakati;
        o.bafa   = compat_ptr(o32.bafa);
        o.urefu  = o32.urefu;

        jibu = mizani_soma(m, &o);
        if (jibu)
                return jibu;

        o32.wakati = o.wakati;
        o32.urefu  = o.urefu;
        if (copy_to_user(u, &o32, sizeof(o32)))
                return -EFAULT;
        return 0;
}
```

Fankisheni ya `compat_ioctl` iwe fupi: ikiona MIZANI_SOMA32 iite hiyo, na kwa amri nyingine yoyote irudishe -ENOIOCTLCMD au -ENOTTY. Zote mbili zinamfikia mtumiaji kama ENOTTY, lakini ile ya asili nayo ifanye hivyohivyo.

Angalia aina zilizotumika. `compat_u64` inabeba mpangilio sahihi wa biti 32 kwa kila aina ya prosesa, kwani kwenye ARM ya biti 32 thamani hiyo hupangwa kwenye mpaka wa baiti nane, siyo nne kama i386. `compat_ptr` nayo si pambo. Kwenye s390 (mashine kubwa za IBM) anwani za aina hiyo zilikuwa za biti 31, na biti ya juu ilibidi ifutwe. Ukiweka kasti ya mkono badala yake, kwenye x86 itafanya kazi na kwingine itarudisha EFAULT isiyoeleweka.

Mpangilio wa ukaguzi ni sehemu ya jibu. Kama njia ya asili inanakili kwanza ndipo ikague kipimo, basi ombi lenye pointa mbaya na kipimo kibaya hurudisha EFAULT. Mkalimani akikagua kipimo kabla ya kunakili vingine, ombi hilohilo litarudisha EINVAL. Zipo programu zinazopitisha pointa tupu kwa makusudi ili kuona kerneli inaujua mwito au la, na kwao tofauti hiyo ndiyo habari nzima waliyoitaka.

Utakutana pia na msimbo wa zamani ambao haukutenganisha kazi hizi. Ulitengeneza strakti ya biti 64 kwenye kumbukumbu ya mtumiaji kwa `compat_alloc_user_space`, kisha ukaita mwito wa asili juu yake. Fankisheni hiyo ndiyo iliyokuwa kiini cha CVE-2010-3081, udhaifu uliompa mtumiaji wa kawaida mamlaka yote ya mashine, na iliondolewa kwenye kerneli mwaka 2021 baada ya kazi ndefu ya Arnd Bergmann na wenzake. Ukiikuta kwenye kiendeshi kilicho nje ya kerneli kuu, usiikarabati. Kiandike upya kwa muundo wa hapo juu.

Hatua ya 5: Thamani zinazobadilika sura zikivuka mpaka

Programu ikipitisha -1 kama urefu, kwa biti 64 kerneli inaona namba ambayo ikisomwa kama yenye alama ni hasi. Kwa biti 32 inaona 4294967295, na ikiwekwa kwenye size_t ya biti 64 hiyo ni namba chanya ya kawaida kabisa. Ukaguzi wa asili ukiwa umeandikwa kwa kuuliza kama urefu ni hasi, upande mmoja utarudisha EINVAL na mwingine utapita hadi ugonge EFAULT au ENOMEM mbele. Kwenye mfano wetu tumeuzuia kwa kikomo cha juu cha wazi, MIZANI_UREFU_MAX. Usipokuwa na kikomo cha asili, soma thamani kama `compat_ssize_t` na ukague alama hapo, jinsi kerneli inavyofanya kwa urefu wa iovec (orodha za bafa) za biti 32. Huu ndio ukaguzi pekee ninaouruhusu ndani ya mkalimani, maana alama ya namba ni sehemu ya tafsiri.

Kwa miito kamili ya mfumo, siyo ioctl, tumia makro ya COMPAT_SYSCALL_DEFINE na usiandike fankisheni tupu. Hiyo ndiyo inayohakikisha hoja zinapanuliwa kwa alama sahihi. Namba ya kosa nayo isipite kwenye u32 njiani: -14 ikihifadhiwa humo kisha ikarudishwa kama long, inakuwa 4294967282.

Upande wa kurudisha majibu, thamani inaweza isitoshe. Faili inapozidi baiti 2147483647, stat ya zamani ya biti 32 haiwezi kuutaja ukubwa wake, na kerneli hurudisha EOVERFLOW, namba 75. Hapo tofauti na biti 64 ni halali, kwa sababu jibu lenyewe haliwezi kuandikwa. Kilicho haramu ni kukata biti za juu na kurudisha mafanikio. Kosa la wazi mtu atalitafuta, lakini ukubwa wa uongo ataandika juu yake.

Pointa ambazo hazikutafsiriwa kabisa ni hatari kuliko namba mbaya. Mnamo 2014 iligunduliwa kwamba njia ya utangamano ya recvmmsg, kwenye kerneli zenye x32 (namna ya kuendesha x86 ya biti 64 kwa pointa za biti 32), iliichukua pointa ya muda wa kusubiri kutoka kwa mtumiaji na kuitumia bila kuinakili. Hiyo ni CVE-2014-0038, na nayo ilimpa mshambulizi mamlaka yote. Endesha `make C=1` ili sparse ikukagulie alama za `__user`. Onyo lake lolote kwenye faili ya utangamano lichukulie kama hitilafu hadi uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 6: Kinachobaki baada ya kukataa

Namba sahihi haitoshi kama hali iliyoachwa nyuma ni tofauti. Mfano mzuri ni mwito unaofungua faili mpya na kumwandikia mtumiaji namba yake. Mkalimani akiita njia ya asili, ambayo imekwisha kuisakinisha faili, kisha `put_user` yake ikashindwa, atarudisha EFAULT huku faili iko wazi ndani ya mchakato na hakuna anayejua namba yake. Utaratibu ni huu: chukua namba kwa `get_unused_fd_flags`, iandike kwa mtumiaji, na `fd_install` iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu baada yake hakuna kurudi nyuma. Ukishindwa kabla yake, rudisha namba kwa `put_unused_fd`.

Kwa mizani yetu hakuna faili, lakini kama kusoma kunafuta kipimo kwenye foleni, jiulize kipimo hicho kinakwenda wapi pale `copy_to_user` ya mwisho inaposhindwa. Jibu lolote utakalochagua, liwe moja kwa njia zote mbili.

Hatua ya 7: Jaribu kwa kulinganisha

Usiandike majaribio mawili. Andika moja, likompaili mara mbili, kisha linganisha matokeo:

```c
static void pima(const char *jina, int fd, unsigned long amri, void *p)
{
        int r = ioctl(fd, amri, p);
        printf("%-16s %d %d\n", jina, r, r < 0 ? errno : 0);
}
```

```
gcc -m64 -o pima64 pima.c
gcc -m32 -o pima32 pima.c
diff <(./pima64) <(./pima32)
```

`diff` ikinyamaza, umefaulu. Ndani ya jaribio weka ombi halali, pointa tupu, amri isiyojulikana, faili iliyofungwa, kipimo kisichokuwepo, urefu wa -1, na mchanganyiko wa makosa mawili kwa pamoja ili kupima mpangilio. Usichapishe namba za amri wala ukubwa wa strakti, maana hizo zitatofautiana kwa haki.

Jaribio moja lina thamani kuliko mengine. Chukua kurasa mbili kwa mmap, ya pili uifunge kwa PROT_NONE, na uiweke strakti mwishoni kabisa mwa ukurasa wa kwanza ili baiti yake ya mwisho iguse mpaka. Mkalimani aliyesahau na kunakili baiti 32 badala ya 20 ataingia kwenye ukurasa uliofungwa na kurudisha EFAULT. Bila mpangilio huo kosa hilo halionekani kamwe, kwa sababu baada ya strakti karibu kila mara kuna kumbukumbu nyingine inayosomeka.

Kisha washa ushindwaji wa kupandikizwa kupitia `/proc/self/fail-nth`, ambapo unaiambia kerneli ni operesheni ya ngapi ishindwe. Pamoja na CONFIG_FAULT_INJECTION_USERCOPY, unaweza kuiangusha `copy_to_user` ya mwisho peke yake na kuona kama Hatua ya 6 umeifanya kweli. Ukitaka kutazama kinachoendelea, strace yenyewe hukutangazia pale mchakato unapokuwa wa biti 32.

Kama kazi yako iko FreeBSD

FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa jamii ya Unix, nayo huendesha programu za Linux, na huko tatizo lina sura nyingine: namba zenyewe si zilezile. Ndani ya kerneli ya FreeBSD makosa ni namba chanya, na kutoka 1 hadi 34 yanalingana na ya Linux isipokuwa moja. EAGAIN ni 35 kwa FreeBSD na 11 kwa Linux. EDEADLK ni 11 kwa FreeBSD na 35 kwa Linux. Zimebadilishana nafasi kabisa.

Kwa hiyo tafsiri ifanyike mara moja tu, kwenye njia ya kutoka, kwa jedwali la pamoja. Fankisheni moja ikitafsiri mapema kwa mkono na jedwali likatafsiri tena, 35 inakuwa 11, kisha 11 inarudi kuwa 35, na programu ya Linux iliyopaswa kuambiwa ijaribu tena inaambiwa imekwama kwenye kufuli. Ndani ya safu ya utangamano kila fankisheni irudishe namba za FreeBSD tupu. Ubaguzi ni pale namba ya kosa inapotoka kama data na si kama jibu la mwito, kwa mfano SO_ERROR ya getsockopt. Hiyo haipiti kwenye njia ya kawaida ya kutoka, na lazima itafsiriwe palepale.

Hatua ya 8: Kupeleka kiraka

Kabla ya kubadilisha namba yoyote, tafuta anayeitegemea. Kanuni ya Linux ni kwamba programu za watumiaji hazivunjwi, na kubadilisha EINVAL kuwa ENOTTY kunaweza kuvunja programu kama vile kubadilisha strakti. Kwa kawaida mimi huichukua njia ya asili kuwa ndiyo kipimo, kwa kuwa ndiyo inayotumika zaidi, na kuirekebisha ya utangamano ilingane nayo. Lakini ukigundua kwamba njia ya asili ndiyo iliyokosea, tuma viraka viwili: cha kwanza kinachozisawazisha njia mbili, cha pili kinachobadilisha jibu kwa zote kwa pamoja. Cha pili kikileta malalamiko kitaondolewa bila kugusa usawa uliokwisha kuupata.

Pitisha kiraka kwenye checkpatch.pl, tafuta wahusika kwa get_maintainer.pl, na kwenye maelezo andika mwito gani, hoja gani, biti 64 ilirudisha nini na biti 32 ilirudisha nini. Weka mstari wa Fixes wenye herufi 12 za kwanza za badiliko lililoleta tofauti. Jaribio lako liambatanishe kwenye tools/testing/selftests, likompailiwe kwa namna zote mbili. Saraka ya x86 humo tayari inajenga majaribio yenye viishio `_32` na `_64`, na Makefile yake ni kielelezo kizuri cha kufuata.